Base64 haifichi nywila
Wengi wanaoita huduma za wavuti kwa Python huamini nywila yao iko salama kwa sababu kwenye kichwa cha Authorization, sehemu ya ombi inayobeba jina na nywila, inaonekana kama herufi zisizosomeka. Sivyo hata kidogo. Base64, njia ya kuandika inayotumika hapo, hubadilisha tu mwonekano wa maandishi. Haina ufunguo wa siri. Chukua YWxpOnNpcmk= uipitishe kwenye b64decode, amri ya Python ya kuirudisha ilivyokuwa: papo hapo unapata ali:siri, yaani jina na nywila yake. Kinacholinda ni HTTPS, inayosimba ombi zima likiwa njiani, kichwa hicho kikiwemo. Lakini skripti yako ikiandika vichwa vya maombi kwenye faili la logi (kumbukumbu za programu), na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, HTTPS haisaidii kitu: yeyote anayelifungua anayo nywila. Iondoe kabla hujaandika.