Mwimbaji wa kabareti ya dragi mwenye sura ya msiba ni nani?

Dragi hapa si dawa za kulevya. Ni sanaa ya jukwaani ya kuigiza jinsia kwa kuikuza, mara nyingi mwanamume akiigiza mwanamke: nywele, kope, kucha, mwendo, vyote vimetiwa chumvi. Kabareti nayo ni onyesho la nyimbo na maneno katika ukumbi mdogo, wasikilizaji wamekaa mezani na vinywaji vyao. Le Chat Noir, kabareti ya Paris, ilifunguliwa mwaka 1881. Berlin ya miaka ya 1920 ikaongeza kejeli ya siasa.

Mwimbaji tunayemzungumzia huimba kwa sauti yake, hachezeshi mdomo juu ya wimbo wa kanda. Mhusika wake ni wa majonzi: mjane, au nyota aliyechuja asiyetaka kukubali. Majonzi hayo ni kazi ya mikono, kama gauni lilivyo.

Mpenzi wa taarab wa Dar es Salaam ataelewa nusu ya jambo hili bila mwalimu. Mwimbaji amesimama, harukiruki. Jicho na kiganja ndivyo vinavyosema. Tofauti iko kwenye kutunza. Kwenye taarab unainuka na noti yako huku wimbo ukiendelea, na ukumbi unapendeza. Kwenye kabareti, noti ikipita mbele ya uso wa mwimbaji katikati ya ubeti, ule ukimya alioujenga umekwisha.

Uso huanza na nyusi. Zinachanwa kuelekea juu, zinapakwa gundi ya kijiti, ile ya wanafunzi, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Kisha poda, kisha faundesheni, ndipo nyusi mpya zichorwe juu zaidi, zikiinama kwa nje ili uso ulie wenyewe. Kwa joto la Dar la mwezi Machi, tabaka nene halikauki. Jasho hulisukuma na nywele huchomoza kabla ya wimbo wa tatu. Feni ni lazima.

Koseti, vazi la kubana kiwiliwili, ibane kiuno, iache mbavu za chini zipanuke, la sivyo sauti ndefu za wimbo zinakatika. Gauni jeusi mbele ya pazia jeusi kwa taa moja ya mbele hufanya kichwa kielee hewani; taa ndogo ya nyuma, usawa wa bega, inarudisha mwili.

Kinachoua maonyesho mengi ni kupanga nyimbo tisa za polepole mfululizo. Huzuni bila mzaha huchosha haraka kuliko kelele. Baada ya kila nyimbo mbili mhusika aseme jambo la kuchekesha, uso ukiwa vilevile, kisha apunguze sauti.

Kuvua kuna taratibu yake: mafuta ya nazi kwa vipodozi, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni kwa gundi. Anayebandua gundi kavu huondoka na nyusi zake halisi.