Kabla hujailaumu laini, ikague nakala yako

Simu za ofisini zinapokatakata sauti, mtoa intaneti husema tatizo ni swichi (kifaa kinachounganisha simu na kompyuta za ofisi), na aliyefunga swichi husema tatizo ni laini. Ubishi huo humalizwa na pakiti zenyewe, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni. Kuziona bila kuvuruga kazi za watu, unaakisi poti: swichi inanakili kila kinachopita poti fulani na kukitoa kwenye poti nyingine, ulikochomeka laptopu yenye Wireshark, programu ya kusomea pakiti. Kwenye swichi za Cisco Catalyst ni mistari miwili, wa kwanza wa poti inayonakiliwa, wa pili wa poti ya laptopu:

`monitor session 1 source interface Gi1/0/5 both`
`monitor session 1 destination interface Gi1/0/24`

Poti ya 24 sasa ni ya nakala tu, kwa hiyo usishangae laptopu ikikosa intaneti. Ukihitaji kuona lebo za VLAN (mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi), ongeza `encapsulation replicate` mwishoni mwa mstari wa pili.

Hadi hapo ni rahisi. Kinachowaponza mafundi ni kuiamini nakala kupita kiasi. Poti ya gigabiti 1 hubeba gigabiti 1 kwenda na nyingine kurudi. Ukiakisi pande zote, nakala zinaweza kufika gigabiti 2 kwa sekunde, ilhali poti ya kuzitolea ina uwezo wa 1. Zinazozidi hutupwa kimyakimya. Mtumiaji haathiriki, ila wewe unaona mapengo, na mwenye haraka keshaandika ripoti kwamba mtandao unapoteza pakiti.

Kwa TCP, itifaki inayohakikisha data imefika, jibu liko kwenye ACK, ujumbe wa mpokeaji unaotaja baiti anayoisubiri. Tuseme umeona baiti 1 hadi 1460, kisha 2921 hadi 4380. Kipande cha katikati hakipo. Mpokeaji akijibu kwa ACK ya 4381 na hujaona kipande hicho kikitumwa upya, basi yeye alikipata. Aliyekikosa ni wewe. Wireshark huandika `TCP ACKed unseen segment`. Kingepotea njiani kweli, mpokeaji angeng'ang'ania 1461, ACK ileile tena na tena, mpaka atumiwe upya.

Sauti ya simu husafiri kwa RTP, itifaki ya kubeba sauti, juu ya UDP, ambayo haina ACK. Hapo punguza mzigo: akisi poti ya simu moja tu. Simu inayotumia G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kama kilobiti 87 kila upande, kiasi kisichoweza kuielemea poti ya nakala. Namba za mfuatano zikiruka hapo, pengo ni la kweli. Kisha hamia poti inayoelekea kwenye ruta, ukiweka `rx` (zinazoingia tu) badala ya `both` (pande zote). Sauti ikiwa imeshatoboka inapoingia, swichi haina kosa.

Ukiakisi VLAN nzima, pakiti moja inaweza kunakiliwa mara mbili, ikiingia na ikitoka, nawe ukadhani imetumwa upya. Zilinganishe namba za utambulisho za IP. Zikifanana, safisha faili la pakiti kwa `editcap -d`, zana ya Wireshark inayoondoa zilizojirudia.

RTP isiyosimbwa husikilizika ndani ya Wireshark, neno kwa neno, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Pata ruhusa ya mwenye mtandao kwa maandishi, na ukimaliza futa uakisi: `no monitor session 1`.