Je, wajua kwa nini kwotabeki huwahesabu mabeki wa nyuma kabla mpira haujaanza?

Aliyezoea soka akitazama futiboli ya Marekani kwa mara ya kwanza huchoka upesi. Watu ishirini na wawili wanainama, wanasukumana sekunde tano, filimbi inalia, wanarudi kunong'onezana. Huku Afrika Mashariki Super Bowl, fainali ya ligi yao, huanza saa nane na nusu usiku, saa ambayo uvumilivu wa mtu umeshakwisha. Lakini utamu umejificha kwenye zile sekunde chache kabla mpira haujaanzishwa, pale kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, anapozungusha shingo huku akipaza sauti. Anahesabu. Namba anayoitafuta ni ndogo mno: nyuma kabisa ya ulinzi kuna beki mmoja, au wawili?

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo linamhangaisha, tuanze na hesabu ya darasa la pili. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Katika timu inayoshambulia, mmoja ni kwotabeki, na watano ni mapande ya watu wanaomkinga, ambao kwa kawaida sheria haiwaruhusu kurushiwa mpira. Wanabaki watano wa kupokea pasi. Timu inayolinda nayo mara nyingi hutuma wanne wakamfukuze kwotabeki, ikabaki na saba wa kuwakaba wale watano.

Saba kwa watano, mbona wanatosha? Hawatoshi. Uwanja una upana wa yadi 53 na ushei, karibu mita 49, na nyuma yao kuna kina chote hadi mstari wa goli. Ulinzi ni shuka fupi: ukijifunika kichwa, miguu iko nje. Kwa hiyo kocha huanza kwa kuamua sehemu ipi ya uwanja ataiacha tupu, kisha ndipo anapanga watu wake.

Shida hii haikuwapo zamani. Hadi mwaka 1905 mchezo huu ulifanana na raga, na kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku. Watu walirundikana katikati, wakaumizana, na wengine wakafa uwanjani, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa futiboli ya vyuo Ikulu. Mwaka 1906 pasi ya mbele ikaruhusiwa, na ghafla mabeki wakawa na uwanja mzima wa kulinda. Pigo la pili kwa walinzi lilikuja mwaka 1978, NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, ilipokataza kumgusa mpokeaji baada ya yadi tano za mwanzo. Wengi huiita sheria ya Mel Blount, beki wa pembeni wa Pittsburgh Steelers aliyekuwa akiwabana wapokeaji kwa mikono na mabega mpaka wanasahau njia. Ubabe ulipofungwa kamba, mabeki wakabaki na mbio na akili.

Sasa turudi kwenye ile namba. Mifumo ya kukaba pasi Wamarekani huiita kwa tarakimu: Kava 0, Kava 1, Kava 2, Kava 3, Kava 4. Tarakimu ni idadi ya walinzi waliopewa kazi ya kukaa nyuma, ili mpira mrefu usiwapite. Hakuna siri zaidi ya hapo, isipokuwa Kava 6, ambayo haina watu sita nyuma hata kidogo. Upande mmoja wa uwanja hucheza Kava 4, wa pili hucheza Kava 2, wakajumlisha.

Kava 1 ni kukaba mtu kwa mtu. Watano wamewang'ang'ania watano, mmoja yuko nyuma kama bima, na mwingine anazurura katikati akivizia pasi fupi. Kava 0 ni ya wenye roho ngumu: bima haipo, kwa sababu yule wa nyuma na mvizi wote wametumwa kumvamia kwotabeki. Beki mmoja akiteleza, hakuna wa kumsaidia.

Udhaifu wa kukaba mtu kwa mtu ni kwamba mabeki wanaweza kugonganishwa. Wapokeaji wawili hujipanga karibu karibu, kisha njia zao zinapishana, na beki anayemfuata wake anajikuta amezuiwa na mwili wa mwingine. Tarehe 1 Februari 2015 Seattle Seahawks walikuwa yadi moja kutoka kwenye ushindi wa Super Bowl, zikiwa zimesalia sekunde chini ya thelathini, na walichagua mbinu hiyo hiyo. Jermaine Kearse alipaswa kumzuia beki ili Ricardo Lockette apite nyuma yake akiwa huru. Lakini beki wa New England Patriots aliyesimama mbele ya Kearse alikuwa Brandon Browner, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa kikosini na Seattle hao hao. Browner akamshikilia Kearse palepale, njia ikabaki wazi, na kijana Malcolm Butler akaruka mbele ya Lockette akaukwapua mpira. Patriots walishinda 28 kwa 24. Butler alikuwa ameshachezewa mbinu hiyo mazoezini na ikampita, kwa hiyo safari hii aliitambua kabla mpira haujaanza.

Kukaba kwa eneo ni habari nyingine. Mlinzi hapewi mtu, anapewa kipande cha ardhi, na macho yake yako kwa kwotabeki. Katika Kava 2, mabeki wawili wa nyuma wanagawana upana wa uwanja nusu kwa nusu, na watano wanatandazwa mbele yao. Pasi fupi zinabanwa kwelikweli. Lakini wale wawili wana zaidi ya yadi 26 kila mmoja, na katikati yao kuna uchochoro. Washambuliaji wanaujua. Hutuma mtu mmoja pembeni na mwingine katikati, wote wakimlenga beki yule yule, na mshika mawili moja humponyoka.

Dawa ya uchochoro huo ndiyo iliyoipa umaarufu Tampa Bay Buccaneers chini ya kocha Tony Dungy na msaidizi wake Monte Kiffin, miaka ya mwisho ya 1990. Walimwambia lainibeka wa kati, mtu ambaye kazi yake ya asili ni kuwaangusha wenye mpira karibu na mstari wa mapambano, pale mpira unapoanzia, ageuke akimbie nyuma kuuziba. Mfumo ukaitwa Tampa 2, ingawa mbegu yake Dungy aliipata Pittsburgh alipokuwa mchezaji katika miaka ya 1970. Januari 2003, Dungy akiwa ameshaondoka lakini Kiffin bado yupo, Tampa Bay walikutana na Oakland Raiders kwenye Super Bowl. Rich Gannon wa Raiders alikuwa ametoka kutajwa mchezaji bora wa ligi. Walimkwapua pasi tano, tatu kati ya hizo zikarudishwa hadi kuwa tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli, matokeo 48 kwa 21. Haki isemwe, Buccaneers walikuwa na faida ya ziada: kocha wao mpya, Jon Gruden, msimu uliotangulia alikuwa anaifundisha Raiders. Mitego ya Oakland aliijua kama jiko la nyumbani kwake.

Kava 3 hugawa nyuma mafungu matatu: mabeki wawili wa pembeni na mmoja katikati. Inamwachia beki wa pili wa nyuma nafasi ya kusogea mbele na kusaidia dhidi ya mbio za mpira mkononi, ndiyo maana makocha wengi huipenda. Tatizo lake mtoto analiona: ukituma wapokeaji wanne wakimbie moja kwa moja mbele, wanne kwa watatu, nani atabaki peke yake? Yule wa katikati lazima awe na kasi ya kuwahi pande mbili.

Seattle walikuwa naye, Earl Thomas. Hao ndio walionifanya niupende mfumo huu, kwa sababu karibu hawakuficha kitu. Walicheza Kava 3 na Kava 1 wiki baada ya wiki, kila mtu akijua. Msimu wa 2013 Denver Broncos walikuwa wamefunga pointi 606, rekodi ya ligi, na kwotabeki wao Peyton Manning alikuwa amerusha pasi 55 za tachidauni, rekodi nyingine. Manning, bingwa wa kusoma ulinzi, alikuwa anajua atakachokutana nacho. Wakakutana kwenye Super Bowl: Seattle 43, Denver 8. Kujua mlango uko wapi hakukumsaidia, kwa sababu kila mpokeaji alipoufikia, mtu alikuwa ameshafika kumpiga mweleka.

Lakini si kila timu ina Earl Thomas. Wengine huishi kwa uongo. Mabeki wawili husimama nyuma kama wa Kava 2, kwotabeki anahesabu wawili, anachagua pasi ya kuwaadhibu wawili. Mpira ukianza tu, mmoja anateremka mbio mbele na mwenzake anahamia katikati, na sasa ni Kava 3. Pasi nzuri kwa ulinzi wa kwanza inaweza kuwa sumu kwa ulinzi wa pili, na kwotabeki ana kama sekunde mbili na nusu tu za kubadilisha mawazo. Naye ana hila zake. Kabla ya kuanza humhamisha mpokeaji mmoja kutoka upande huu hadi ule: beki akimfuata, kuna uwezekano mkubwa wanakaba mtu kwa mtu, wakibaki mahali pao, wanakaba eneo. Walinzi wanalijua hilo pia, kwa hiyo wakati mwingine beki humfuata kwa makusudi ya kudanganya.

Siku hizi hata mpaka kati ya mtu na eneo umefifia. Katika mifumo mingi ya Kava 4 mlinzi huanza na kipande chake, kisha hutazama mpokeaji anaelekea wapi. Akikata fupi kuelekea pembeni, humwacha kwa mwenzake; akinyoosha mbele, humganda kama kupe. Saba wote lazima wasome jambo moja kwa wakati mmoja, na mmoja akisoma vibaya utaona mpokeaji amesimama peke yake huku mabeki wawili wakinyoosheana vidole.

Tatizo la mtazamaji ni kwamba kamera ya kawaida ya televisheni hufuata mpira, ikawakata mabeki wa nyuma nje ya picha. Wahesabu mapema, timu zinapojipanga na picha bado ni pana. Ukiona wawili, usiamini. Mpira ukianza na mmoja wao akaingia kwenye picha mbio akitokea nyuma, mtazame kwotabeki: naye ndiyo kwanza anaanza kuhesabu upya, na wale wanne wanaomfukuza wameshakaribia.