Kunyanyua Nyusi kwa Matundu Madogo: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Tanga

Mkazi wa Tanga anayefanyiwa upasuaji huu wa kunyanyua nyusi zilizoshuka mara nyingi hufanyiwa Dar es Salaam au nje ya nchi, kisha anakuja kupona nyumbani, Ngamiani, Makorora au Chumbageni, mbali na daktari aliyemshona. Huko nyumbani ndiko mengi huharibikia, kwa hiyo majibu haya yanakaa zaidi huko.

Nitajuaje kwamba tatizo ni nyusi na si kope?

Kaa mbele ya kioo mchana, ulegeze paji la uso. Wengi hawawezi mara moja, kwa sababu wamezoea kulikaza ili waone, ndiyo maana jioni kichwa huwauma. Fumba macho, weka kiganja juu ya paji, pumua, kisha fumbua taratibu. Sasa papasa ukingo wa juu wa mfupa wa jicho. Kwa mwanamke nyusi hukaa juu kidogo ya ukingo huo, kwa mwanamume hukaa sawa nao. Ikiwa imeshuka chini, inyanyue kwa kidole mpaka mahali pake. Ukiona pembeni pamefunguka, nyusi ndiyo imeshuka. Kama umeinyanyua na kope bado limefunika mboni, huenda msuli wa kope ndio dhaifu, na kunyanyua nyusi hakutakusaidia. Kwa wazee wetu yote mawili huwapo pamoja, tena na ngozi ya ziada juu ya kope. Hapo lazima daktari bingwa apime kwanza.

Kope linaloshuka zaidi kila jioni na kupata nafuu asubuhi linaweza kuwa ugonjwa wa misuli unaotibiwa kwa vidonge. Na likishuka ghafla upande mmoja, hasa pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwili au kichwa kuuma kupita kiasi, usisubiri kesho. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, saa hiyo hiyo. Kiharusi huanza hivyo.

Matundu yenyewe madogo, mbona naambiwa nijitunze wiki sita?

Kwa sababu kidonda kikubwa kiko ndani. Zamani kichwa kilichanwa kutoka sikio hadi sikio. Kamera zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi hutobolewa matundu 3 hadi 5 ya sentimita 1 hadi 2, nyuma kidogo ya nywele zinapoanzia. Kamera nyembamba ya milimita 4 au 5 hupita tundu moja, vifaa vingine matundu mengine. Ngozi pamoja na utando unaofunika mfupa hubanduliwa kwenye fuvu mpaka ukingo wa macho. Pale ukingoni utando hukatwa, maana ndio unaoishikilia nyusi chini, na misuli inayokunja ndita katikati ya nyusi hudhoofishwa. Kisha paji lote husogezwa juu na kufungwa: kwa nyuzi zilizopitishwa kwenye kijitundu cha mfupa, kwa skrubu ndogo, au kwa kishikizo kinachoyeyuka chenyewe. Kazi hiyo huchukua saa 1 hadi 2, kwa nusu kaputi, au kwa dawa ya usingizi mwepesi pamoja na ganzi.

Mpaka utando ushike mfupa upya, yaani wiki 6 au zaidi, nyusi zako zinategemea kifungo hicho tu. Kikivutwa au kukandamizwa mapema, nyusi hushuka tena, mara nyingi upande mmoja.

Nani hafai?

Mwenye upara, kwani makovu hayana pa kujificha. Mwenye paji refu sana pia, kwa kuwa njia hii husogeza nywele nyuma kidogo. Mwenye macho makavu, au aliyekwisha kupunguzwa ngozi ya kope, aseme mapema: nyusi zikipanda, macho yanaweza kushindwa kufumba vizuri. Presha na sukari zidhibitiwe kwanza. Presha ikipanda, kidonda hujaa damu. Aliyewahi kuota keloidi amwonyeshe daktari kovu hilo.

Niache nini kabla?

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, pamoja na vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki, kwa wiki 1 hadi 2. Lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache mpaka daktari aliyekuandikia akubali. Sigara iachwe wiki 4 kabla na 4 baada, kwani hubana mishipa ya damu ya ngozi ya kichwa na nywele hunyonyoka pembeni mwa matundu. Dawa za miti shamba zitajwe zote kwa daktari wa usingizi, hata za bibi. Siku yenyewe usile chochote kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji. Maji matupu mwisho yawe muda wa saa 2 kabla ya upasuaji, isipokuwa umeelekezwa vingine.

Naweza kupanda basi la Tanga kesho yake?

Tunakusihi usifanye hivyo. Damu hujikusanya chini ya ngozi zaidi katika saa 48 za mwanzo, na uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3. Barabara ya kupitia Chalinze na Segera ni kilomita kama 350, yenye matuta. Uvimbe ukianza kukaza ukiwa Mkata, utafanya nini? Kaa kwa ndugu Dar es Salaam mpaka nyuzi au pini zilizofunga ngozi ya matundu zitolewe, siku ya 7 hadi 10. Ukishindwa, angalau usiondoke kabla daktari hajafungua bendeji na kukukagua.

Nyumbani nijitunze vipi?

Wiki ya kwanza lala chali, mito ikiinua mgongo na kichwa pamoja, si shingo peke yake. Barafu ifungwe kwenye kitambaa cha kanga na kuwekwa kwenye macho na mashavu dakika 15 hadi 20, kisha upumzike, kwa siku 2. Usiigusishe ngozi moja kwa moja: paji limekufa ganzi, linaweza kuungua kwa baridi usijue. Kwa maumivu, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini hutumia parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Usijinunulie antibayotiki duka la dawa.

Kuinama ndiko kunakowashinda akina mama. Anayekuna nazi huwa amekaa juu ya mbuzi, kichwa chini, mikono miwili inakaza. Damu yote inakuja usoni. Wiki 2 akune mwingine. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 zinazokaa juu ya matundu hasa, kwa hiyo kubeba kichwani kusiwepo kwa wiki 6. Kuogelea Raskazone kusubiri wiki 4.

Kwenye swala, sujudu huteremsha kichwa chini ya moyo. Mgonjwa ameruhusiwa kusali amekaa na kuashiria. Itumie ruhusa hiyo kwa wiki 2. Suala la kutawadha ukiwa na bendeji muulize sheikh wako kabla ya upasuaji, usije ukalowesha kidonda mara tano kwa siku. Mtandio uwe wa pamba, usibane, wala pini isipite karibu na mshono.

Kichwa kinawasha mno. Kimeoza?

Hapana. Mishipa ya fahamu inaamka. Ganzi na mwasho vinaweza kudumu miezi, na kwa kawaida hupungua polepole. Usijikune kwa kichanio. Damu iliyovilia machoni huisha wiki 2 hivi. Nyusi kuonekana zimepanda mno mwanzoni ni kawaida, zinatulia. Usihukumu matokeo kabla ya miezi 3.

Dalili gani zinipeleke hospitali?

Uvimbe unaokua haraka upande mmoja, unaokaza na kuuma. Kuona kufifia. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au harufu. Jicho lisilofumba usiku au linalochoma. Nyusi moja isiyopanda kabisa, ambayo mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliovutwa na hurudi baada ya wiki au miezi, lakini lazima ikaguliwe.

Nywele je?

Osha baada ya saa 48 daktari akiruhusu, kwa shampuu laini na maji ya vuguvugu. Hina, rangi na dawa ya kulainisha nywele zisubiri wiki 6, na kusuka kwa kuvuta vilevile, hasa zile za pembeni mwa paji.

Nidai karatasi gani kabla ya kuondoka?

Kwanza hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha dai maandishi yanayoeleza ulifungwa kwa nyuzi, skrubu au kishikizo cha kuyeyuka, skrubu zitolewe lini, na namba ya simu ya zamu. Ukifika Bombo usiku na uvimbe, daktari wa zamu ataanzia kwenye karatasi hiyo.