Bia nyeusi si lazima iwe kali

Tukikaa marafiki mezani, kila mmoja kaja na chupa aipendayo kutoka viwanda vidogo vya bia, hakosi wa kuisukuma kando ile nyeusi: "Hiyo kali, itanilaza mapema." Rangi imemdanganya.

Weusi hutoka kwenye shayiri iliyokaangwa kama buni za kahawa, na kiasi kidogo tu hutia giza pipa zima. Ukali ni habari nyingine: hamira hula sukari ya kimea na kutoa kilevi. Sukari ikiwa nyingi, kilevi nacho huongezeka. Ndiyo maana Guinness Draught ya Ireland, nyeusi tii, ina kilevi cha asilimia 4.2, ilhali Duvel ya Ubelgiji, yenye rangi ya dhahabu, ina asilimia 8.5. Hiyo ndiyo ya kuogopa!

Kwenye chakula, rangi inasaidia kidogo. Uchungu wa shayiri iliyokaangwa hukubaliana na nyama choma iliyoungua pembeni. Waireland huinywa bia nyeusi na chaza, chumvi ya bahari ikikutana na ladha ya kahawa. Mimi huitaka na keki ya chokoleti, wenzangu wacheke wapendavyo.