Ukioga maji ya moto unapata nafuu?

Kuna swali moja nikimuuliza mgonjwa anashtuka kama vile nimemchungulia bafuni kwake. Kijana kakaa mbele yangu kakonda, siku ya tatu anatapika, kapimwa damu, kapigwa ultrasaundi, kapitishwa kamera mpaka tumboni na kila kitu kiko sawa. Namuuliza, hivi ukioga maji ya moto unapata nafuu? Anayejibu ni mama yake, "Dokta huyu anaoga mara sita kwa siku, hata usiku wa manane utasikia maji yanamwagika." Hapo namwomba mama atupishe kidogo, afu namuuliza dogo anavuta mara ngapi kwa siku na kaanza lini.

Ndo bangi hiyo. Madaktari wa Australia waliandika kuhusu huu ugonjwa mwaka 2004, na unawakuta wale wanaovuta karibu kila siku kwa muda mrefu, sio aliyejaribu mara moja kwenye sherehe. Kinachowachanganya watu ni kwamba bangi hiyo hiyo inasifika kwa kutuliza kichefuchefu, na sifa yenyewe sio ya uongo, manake kuna dawa inaitwa dronabinol, ni THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, iliyotengenezwa maabara, iliruhusiwa Marekani tangu 1985 kwa wagonjwa wa kansa wanaotapishwa na kemo. Sasa mvutaji akianza kutapika anafanya nini? Anavuta zaidi. Na kadiri anavyovuta ndo anavyozidi kutapika. Dawa zetu za kawaida za kutapika mara nyingi zinagoma, tunajaribu hata kumpaka tumboni krimu yenye kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe, kwa sababu joto na pilipili vinagusa kipokezi kimoja mwilini, yaani mlango mmoja wa seli unaopokea taarifa. Inatuliza tu, tiba yenyewe ni kuacha, na wengi nikiwaambia hivyo wananiangalia kama tapeli.

Ndo maana ule ubishi wa "bangi ni dawa" na "bangi ni sumu" mi unanichosha. Raphael Mechoulam na mwenzake Gaoni waliitenga THC kule Israeli mwaka 1964, na 1992 timu ya Mechoulam huyo huyo ikaja kugundua kwamba mwili wenyewe unatengeneza kitu kinachofanya kazi kwenye vipokezi vile vile inavyogusa THC, wakakiita anandamide, kutoka neno la Kisanskriti la furaha. Vipokezi hivyo vimejaa kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu, woga, njaa, na kupima muda, kwa hiyo usishangae mtu akivuta anasahau alichokuwa anasema katikati ya sentensi, anahisi dakika tano ni saa nzima, afu anamaliza sufuria. Ila pale shinani mwa ubongo panapoendesha pumzi vipo vichache sana, ndo sababu bangi haikati pumzi ya mtu kama heroini. Watu wanaichukua hiyo wanasema basi haiui. Haya, mwambie huyo aliyevuta akashika usukani.

Upande wa dawa nausema bila kuona aibu, upo. CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolewesha, ikiwa imesafishwa iliruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, kile cha Dravet na cha Lennox-Gastaut. Lakini angalia inavyotolewa: ni ya maji, inapimwa kwa uzito wa mtoto, na ini linafuatiliwa kwa vipimo. Msokoto haupimwi na mtu. Na CBD inagombana na dawa nyingine, mfano warfarin ya kuzuia damu kuganda inaweza kupanda mwilini mpaka mtu akavuja damu, sasa kama una kichupa cha mafuta ulichopewa na rafiki, mwonyeshe mfamasia.

Bangi ya kula nayo ni habari nyingine. Ukivuta unasikia ndani ya dakika chache, ila ukila biskuti yenye bangi inaweza kuchukua hadi saa mbili, na ini linaigeuza THC kuwa kitu kikali zaidi. Mtu anakula nusu, anaona kimya, anamalizia iliyobaki, afu zote zinamkuta pamoja. Huyo ndo analetwa anatetemeka anasema anakufa.

Swali langu la pili siku zote ni umri. Kwa makadirio yanayotumika sana, kati ya wanaojaribu bangi kama asilimia 9 wanaishia kwenye uraibu, ila walioanza utineja inafika karibu mmoja kati ya sita. Uswidi waliwafuatilia vijana wa jeshini zaidi ya 45,000, matokeo yakatoka 1987: walioshatumia zaidi ya mara 50 kabla ya kujiunga walipata skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo, mara sita ya wasiotumia. Watu wanabishana bado nani kaanza, bangi au ugonjwa, na mi sisemi kila mvutaji atadata, ila kama kwenu kuna mtu aliwahi kurukwa na akili, na wewe una miaka 16, niamini, kaa nayo mbali.

Ila kinachonisumbua kazini kuliko vyote ni siri. Kanada waliihalalisha 2018, kwingine unafungwa kwa kipande, na THC inakaa kwenye mafuta ya mwili hadi kwa mvutaji wa kila siku mkojo unaonyesha wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo mtu anaogopa kazi, anaogopa polisi, anaogopa mama aliyekaa pembeni, anatudanganya. Anaacha kimya kimya, hapati usingizi, anaota ndoto za ajabu, hasira juu, anadhani kalogwa kumbe ni arosto ya wiki mbili hivi. Na kuna anayepelekwa kupasuliwa kesho yake na hajasema kitu, wakati mvutaji wa kila siku anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi ndo alale. Huyo wa nusu kaputi akija kukuuliza unatumia nini, hajatumwa na polisi, anapiga hesabu ya dozi yako.