Kupangisha nyumba bila kushinda kwenye simu

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha hapa Mbeya, wenye nyumba wangu wengi wako Dar au Dodoma na waliobaki wako hapahapa ila wakitoka kazini wamechoka, hawataki kusikia habari za bomba linavuja. Wakinikabidhi nyumba wanadhani shughuli kubwa ni kufuatilia kodi. Wala. Kinachomaliza muda ni LUKU, huu umeme wa kulipia kabla.

Chukua nyumba ya Iyunga, vyumba sita mita moja, kila chumba kinachanga elfu tano. Ikifika Juni baridi imekolea, yule kaka wa chumba cha mwisho ana hita ya kuchemshia maji ya kuoga, dada wa mbele ana taa na chaji ya simu basi, na wote wametoa elfu tano ileile. Saa tatu usiku umeme unakata, huyu anasema zamu sio yangu, yule kalala hafungui mlango, mwisho anapigiwa baba mwenye nyumba aliyeko Mbezi. Utasuluhisha leo, wiki ijayo wanapiga tena. Mimi huwa nawaambia kodi ya kwanza usiile, funga sabmita kila chumba, ile mita ndogo ya kupimia umeme wa chumba kimoja, na kama mfuko unaruhusu omba TANESCO mita kamili kwa kila mpangaji. Inauma kutoa hiyo hela ila kesi za umeme zinaisha kabisa yaani.

Halafu kuna kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU na toka Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Hilo deni ni la mwenye nyumba, sio mpangaji, kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba ile 18,000 ya mwaka inapunguzwa kwenye kodi ya pango, maana buku jero imeshagombanisha watu wazima. Na ukiongeza mita kwenye jengo moja hakikisha inayokatwa ni mita moja tu.

Kingine ni majira. Huku mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo fundi apande juu Oktoba aangalie misumari ya bati na gata, na shimo la choo linyonywe kabla ardhi haijashiba maji. Ukisubiri livuje Januari, fundi anakupangia bei na hapandi mpaka mvua ikate. Oktoba hiyohiyo ndio wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa, MUST na TEKU, wanahangaika na vyumba, sasa wewe mkataba wako unaisha Mei unategemea nani aje?

Hela zipite benki au kwenye simu, usimpe mtu kazi ya kushika keshi. Ila fundi mpe uhuru kidogo, mkubaliane kiwango, mfano kitu cha chini ya elfu thelathini atengeneze tu akutumie picha WhatsApp, kuliko kukuuliza kitasa ukiwa kwenye kikao.

Madalali nafanya nao kazi, kodi ya mwezi mmoja ambayo ni yao nawalipa bila kelele. Funguo siwaachii. Akija na mteja anapewa, wakimaliza kuangalia anarudisha, na mpangaji mpya haingizi hata godoro kabla hajasaini mkataba na kuandikishwa kwa mwenyekiti wa mtaa.